Maswali ya Wasomaji: Maziwa ya Mtoto Mama Anaporudi Kazini

SWALI: Ninafanya kazi katika ofisi moja ya Serikali huko Mtumba na ninaishi Nkuhungu. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inakaribia kwisha, na nitakaporejea kazini mtoto atakuwa na miezi miwili na nusu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Chamwino kunisaidia kulea, anashauri tumzoeshe maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, na pia tumpe maji ya kunywa kwa sababu ya joto la Dodoma. Sipendi kumvunjia heshima, lakini nina wasiwasi. Nifanyeje?
Mama wa Nkuhungu

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Mtoto aliye chini ya miezi sita anatosheka na maziwa ya mama peke yake, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji, hahitaji maji mengine hata katika joto la Oktoba na Novemba. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi tu. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito katika kadi ya kliniki ukiendelea kupanda, ujue anashiba.

Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvichumvi nyingi, ambazo ni mzigo kwa figo changa, na madini ya chuma yaliyomo ni machache mno. Tena yanaweza kuufanya utumbo wa mtoto uvuje damu kidogo kidogo, bila mtu kuiona, hadi akapungukiwa damu. Kuyazimua hakuondoi tatizo, kwa sababu maji yanayopunguza chumvi hupunguza pia nguvu anayoihitaji mtoto ili akue. Maziwa ya mbuzi, ambayo wengi huyasifu, nayo yana upungufu wa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu.

Kwa hiyo anza sasa kujizoesha kukamua maziwa yako. Nawa mikono kwa sabuni, kamua kwa mkono katika chombo chenye mfuniko kilichochemshwa, na uandike saa uliyokamua. Katika nyuzi 25 maziwa hayo hukaa kwa muda wa hadi saa nne, lakini chumba cha Dodoma mchana mara nyingi kina joto zaidi ya hapo, kwa hiyo ni salama zaidi kuyaweka kwenye friji, ambako hukaa hadi siku nne. Yakitakiwa, chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto. Yasichemshwe, na yanayobaki baada ya mtoto kunywa yasirudishwe kwenye friji. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na chuchu yake. Kazi hiyo inahitaji subira, na kwa maoni yangu hapo ndipo mama mkwe anapohitajika hasa: mwombe akusindikize kliniki, aelekezwe na muuguzi, kisha umkabidhi mjukuu wake. Ushauri utakaotoka kwa muuguzi hautakuwa ubishi wa mkwe na mkwewe.

Ukiwa kazini, kamua kila baada ya saa tatu hivi, la sivyo maziwa yatapungua. Nyonyesha kabla ya kutoka, mara urudipo, na usiku, kwani usiku ndipo homoni inayotengeneza maziwa huwa nyingi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa kuwa Mtumba na Nkuhungu ni mbali, zungumza mapema na msimamizi wako ili saa hizo zipangwe mwishoni mwa siku.

SWALI: Mtoto wetu ana mwaka mmoja na miezi saba. Sisi ni wafugaji, naye hunywa karibu lita nzima ya maziwa kwa siku, mengine katika chai, lakini chakula hakitaki na viganja vyake vimepauka. Je, tumwongezee maziwa?
Baba wa Kongwa

JIBU: Hapana, yapunguzwe, na mtoto apelekwe kituo cha afya wiki hii apimwe wingi wa damu. Katika umri wake nusu lita kwa siku inatosha. Ikizidi, anashiba maziwa na kukosa madini ya chuma yanayopatikana katika maini, nyama, dagaa na maharage. Apewe chakula kwanza, maziwa baadaye. Chai iachwe kabisa, kwa sababu huzuia chuma kisifyonzwe, na badala yake apewe maji ya ubuyu yasiyo na sukari nyingi, ambayo vitamini C yake hukisaidia kufyonzwa. Maziwa yenyewe yachemshwe kila siku, hata kama ng'ombe wenu wanaonekana wazima, kwani magonjwa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa mabichi. Asipewe dawa ya kuongeza damu kabla ya kupimwa.