Parseli yetu ya Himbi: mpaka upite wapi?

*Swali:* Aksanti kwa kazi, ba ndugu. Niko najenga biro hapa Goma, Himbi, mita karé 400, kwa parseli ya hekta 2 na nusu, na tunataka sertifika ya LEED (ile ya majengo yenye kutunza mazingira). Nusu ya parseli iko tupu, ni mawe ya volkano tu, shemeji anataka kujenga depo pale kisha. Je, mpaka wa mradi wenye LEED itapima, naweza uchora karibu ya jengo tu?

*Jibu:* Ndugu yangu, hapana, usichore vile unapenda, LEED inataka ardhi yote yenye kushikana na jengo na yenye inasaidia kazi yake ya kila siku ingie ndani: parkingi, njia ya miguu, bustani, hata fosi septiki, na kila fasi yenye kazi ya ujenzi ilibadilisha. Kama maçon walivunja mawe na kusawazisha udongo kule nyuma, hiyo nayo inaingia, na hapo ndipo watu wengi wanakamatwa. Lakini kipande cha depo, kama hakitumikiwi na biro na hamukukigusa, kinaweza baki inje.

Sasa tazama hesabu: sakafu zote za jengo, ukizijumlisha, lazima zifike angalau asilimia 2 ya ardhi iliyo ndani ya mpaka. Ukiweka hekta zote, 2% ni mita karé 500, weye uko na 400, unaanguka! Kwa hiyo ongea na shemeji mbele ya kugusa jiwe lolote upande wake.