Matajiri kuzunguka dunia kwa meli, faida ilikuwa wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Babu huwa anatusimulia kwamba zamani kulikuwa na meli za matajiri zinazunguka dunia nzima miezi na miezi. Mi ninavyojua meli zile kubwa zilikuwa za kuvusha watu Ulaya na Marekani, sasa kampuni ilipata nini kuwazungusha watu halafu kuwarudisha pale pale? Na kwetu zilipita? – Msomaji, Tanga

JIBU: Nzuri ndugu yangu, msalimie babu. Faida ilikuwepo, ila tuanzie kwenye baridi, sio kwenye utajiri. Chukua meli Empress of Britain ya kampuni ya Canadian Pacific ya Kanada, ilianza kazi 1931, tani 42,000 na ushee, nyeupe pee. Kazi yake hasa ilikuwa Southampton Uingereza mpaka Quebec Kanada kwa mto St Lawrence, sasa enzi hizo mto ule msimu wa baridi ulikuwa unaganda, Quebec hakufikiki, na Atlantiki nayo imechafuka hamna mwenye hamu ya kusafiri. Meli ikilala gatini inakula hela tu, bora ipelekwe kwenye jua na matajiri ndani.

Mi kinachonifurahisha ni propela, yale mapanga ya chini yanayoisukuma meli. Zilikuwa nne, na mafundi waliipanga makusudi zile mbili za ndani ndo zibebe nguvu nyingi. Safari ya dunia ikikaribia zile za nje zinang'olewa kabisa, spidi inashuka lakini mafuta yanaenda karibu nusu tu, maana mtu anayetembea kula raha anakimbilia wapi? Abiria nao wakapunguzwa, Atlantiki ilibeba kama 1,200 wa madaraja tofauti, kwenye mzunguko 700 hivi wote daraja moja, na juu deki kuna uwanja wa tenisi wa saizi kamili! Wanatoka New York, Mediterania, Suez, Bombay, Colombo, China, Japani, Hawaii, California, wanakatisha mfereji wa Panama hao nyumbani, kama miezi minne. Na Panama sio kila meli inapita, Queen Mary ya 1936 ilikuwa pana kuliko milango ya mfereji wenyewe.

Wazo halikuwa la Canadian Pacific lakini, meli Laconia ya Cunard, kampuni ya Uingereza, ilishazunguka 1922 kuingia 1923.

Kwetu sasa. Ukitoka Suez ukanyoosha Bombay, Tanga unaiacha mbali kulia. Meli zilizozoeleka pwani yetu zilikuwa za Union-Castle, kampuni ya Uingereza, nazo zilizunguka Afrika tu, Mombasa, Zanzibar, Dar, zinashuka kusini, na humo kulikuwa na watu wa kazi na shughuli zao kuliko watalii.

Empress yenyewe haikuzeeka. Oktoba 1940 ndege ya Wajerumani iliipiga mabomu karibu na Ireland, ikawa inavutwa, siku mbili baadae nyambizi ikaimalizia. Baada ya vita Cunard wakaleta Caronia, ya kijani, iliyojengwa ikifikiriwa matembezi toka mwanzo, ikapiga mizunguko yake mpaka ikastaafishwa 1967, wakati huo mwenye haraka ya kwenda New York alishahamia kwenye jeti kitambo.