Umaarufu wa Mitoma haupimwi kwa wafuasi

Mhariri, swali lenu la wiki ni jinsi ya kupima umaarufu wa mwanasoka wa Japani mtandaoni. Nitamchukua Kaoru Mitoma wa Brighton, klabu ya Uingereza.

Idadi ya wafuasi iwekeni kando. Aliyebonyeza kumfuata mwaka 2022 kisha akamsahau bado anahesabiwa leo. Kinachofaa ni kile ambacho watu wanakitafuta wenyewe.

Anzeni na Wikipedia ya Kijapani; takwimu za usomaji wa kila ukurasa ziko wazi kwa yeyote tangu Julai 2015. Chagueni wasomaji binadamu tu, roboti zitoke. Angalieni pia saa, maana siku huhesabiwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Tokyo kwa saa 9, na hapo wengi huteleza. Bao la Mjapani mwenzake Ao Tanaka dhidi ya Hispania kwenye Kombe la Dunia, lile ambalo Mitoma aliuwahi mpira kabla haujavuka mstari wote, lilifungwa Qatar tarehe 1 Desemba 2022, saa 5 usiku na dakika kadhaa za huko. Japani ilikuwa alfajiri ya tarehe 2. Kwa UTC, tarehe 1 iliendelea hadi saa 3 asubuhi ya Tokyo, kwa hiyo anayechukua "tarehe 2" peke yake anazikosa saa zilizokuwa moto kuliko zote. Jumlisheni siku zote mbili.

Hata hivyo, kilele kama hicho ni habari ya mechi. Umaarufu wa kawaida utafuteni kwenye siku 28 zisizo na mechi ya timu ya taifa: zipangeni kutoka ndogo hadi kubwa, mchukue nusu ya jumla ya namba mbili za katikati. Wastani wa siku zote huvutwa juu na siku moja tu ya kelele.

Google Trends, chombo kinachoonyesha watu wanatafuta nini kwenye Google, nayo haitoi idadi ya watu. Inatoa 0 hadi 100, na 100 ni kilele cha kipindi na eneo mlilochagua. Mkiiingiza Desemba 2022, miezi mingine yote italala chini kana kwamba hakuna aliyemtafuta. Grafu mbili zilizopakuliwa mbalimbali hazilinganishwi kamwe. Mkitaka kumlinganisha Mitoma na Mjapani mwenzake Takefusa Kubo, wawekeni kwenye ulizo moja. Na chagueni mada, si neno, kwa kuwa mada hukusanya tahajia mbalimbali za jina moja. Jina la Mitoma kwa kanji, herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, ni 三笘, lakini Wajapani wenyewe mara nyingi huandika 三苫: alama ya mianzi juu ya herufi ya pili imegeuka ya majani, na kwa haraka jicho halioni. Kwenye X (zamani Twitter) itabidi mtafute zote mbili, pamoja na Mitoma kwa herufi za Kilatini. Kwa Kyogo Furuhashi, Mjapani aliyewahi kuchezea Celtic ya Uskoti, taabu ni nyingine, kwani mashabiki wa klabu hiyo walizoea kuandika Kyogo tu.

Instagram ina faida yake: jumlisheni "penda" na maoni, mgawanye kwa wafuasi, kwa posti 20 zilizokwisha kukaa saa 48. Zilizochapishwa kwa pamoja na klabu ziacheni, zimebebwa na mashabiki wa Brighton.

Mwisho, jeraha na tetesi za uhamisho hupandisha grafu sawasawa na mabao. Chukueni posti 100 zinazomtaja, bila kuchagua, watu wawili wazipange kila mmoja peke yake: sifa, lawama, habari tu. Wakitofautiana kwenye zaidi ya 20, maelekezo mliyowapa hayaeleweki. Yaandikeni upya kabla ya kuendelea.