Barua kwa mwanangu: mkichokana njiani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tiketi mmeshakata, wewe na rafiki yako, likizo nzima ya majira ya joto na shanta mgongoni, nchi baada ya nchi. Halafu ukaniuliza: "Baba, tukichokana njiani nifanyeje? Nikimwambia aende zake nami niende zangu, si nitakuwa nimemtupa ugenini?"

Nilitegemea uniulize habari za wezi. Hili lako ni zito zaidi, na nafurahi umeliuliza sasa, maana likichelewa huwa linaulizwa kwa hasira.

Hutakuwa umemtupa, ila kwa sharti kwamba mmelizungumza mapema. Mtu anayeambiwa kabla ya safari, mkiwa mmeshiba na mnacheka, kwamba mkichoka kila mmoja atajipa siku yake peke yake, huyo hatupwi. Anayeambiwa maneno hayohayo kwenye kituo cha treni saa nne usiku ametupwa, hata kama umeyasema kwa upole.

Mnajuana, hilo sikatai. Lakini mmejuana kwa saa chache chache, kisha kila mtu anarudi kwao. Hamjawahi kuamka pamoja wiki tatu mfululizo, wala kugawana bafu moja, wala kusubiriana kila asubuhi mmoja akiwa amevaa viatu na mwingine bado anatafuta soksi. Na ugomvi wa safari mara nyingi hauhusu jambo kubwa. Unakuja saa kumi alasiri, jua bado kali, mmeshuka kwenye basi na nyumba ya kulala haionekani. Mmoja ameshika simu anaigeuza-geuza ili ramani ielekee anakoelekea yeye. Mwingine kasimama nyuma yake hatua mbili, mikanda ya shanta inamkata mabega, anasema, "Si nilikwambia tupite kushoto?" Hapo hakuna mwenye kosa, wote wana njaa. Tafuteni kwanza cha kutia mdomoni, na kama bado mna la kubishania, endeleeni.

Ila kuna jambo moja ambalo chakula hakiliponyi, nalo ni fedha. Kaeni chini wiki hii na kila mmoja ataje kiasi alichonacho, tarakimu kamili, si "ninazo za kutosha". Najua ni aibu. Ninyi vijana mnaambiana siri zote isipokuwa hiyo. Mwenye kidogo ndiye apange kiwango cha malazi na nauli, na mwenye zaidi akitaka kujistarehesha ajistareheshe peke yake bila kumwonea mwenzake huruma. Kinyume chake huwa hivi: mwenye kidogo anafuata, anafuata, anakopa kimoyomoyo, mpaka siku anapolipuka kwa sababu ya chupa ya maji. Muwe na mfuko mmoja wa pamoja, kila mtu atie kiasi sawa, nauli za mjini na chakula cha kupika vitoke humo. Madeni mengine yaandikwe kila usiku kabla ya kulala. Deni la siku moja linachekesha; la wiki mbili kila mtu analikumbuka kwa namna yake.

Na wakati wa kutoa fedha kwenye mashine ya ATM, ikikuuliza kama ihesabu kwa sarafu ya nyumbani au ya huko, chagua ya huko. Ile ya nyumbani huja na kiwango cha kubadilishia fedha kilichopangwa na mwenye mashine, na kwa kawaida anajipendelea yeye.

Sasa makaratasi. Hapa watu wawili wanaosafiri pamoja hujisahau, wanafikiri ni msafiri mmoja. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi sita zaidi ya muda utakaokaa, kwa hiyo fungueni zote mbili mtazame tarehe. Kama njia yenu inapita eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazohesabu siku za mgeni kwa pamoja kana kwamba ni nchi moja, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mwenzako kama alishafika huko miezi michache iliyopita, siku zake zimeshapungua na zako bado nzima. Tena angalieni viza: mmoja akiwa na ya kuingia mara moja tu, mkitoka nje ya eneo hilo kwa matembezi ya siku moja, yeye harudi. Afadhali mlijue hilo sasa kuliko mbele ya afisa wa mpakani huku foleni inawasukuma.

Bima pia, kila mtu na yake. Anayeomba viza ya Schengen hudaiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Lakini popote mwendako, soma kile ambacho bima hailipi. Pikipiki ya kukodi bila leseni yake ndiyo inayowaponza wengi. Na kama mnapita nchi zinazodai chanjo ya homa ya manjano, msisubiri siku za mwisho: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukishachanjwa huna haja ya kurudia, tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Mpakani kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe na aujue uliomo. Hata wa rafiki yako usimbebee. Hili halina mjadala.

Kuhusu shanta sitasema mengi. Wazoefu husema lisizidi moja ya tano ya uzito wa mwili wako. Kwa mtu wa kupanda na kushuka mabasi mimi naona hata hiyo ni nyingi. Unapolivaa, legeza kwanza mikanda ya mabega, funga ule wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, uukaze, ndipo urudi kukaza ya mabega. Uzito ukae nyongani. Pawabanki iingie nawe ndani ya ndege, haipelekwi kwenye mizigo ya chini. Mama yako anapita nyuma yangu anasema niandike soksi: za pamba zikilowa jasho zinaleta malengelenge, chukua za sufu nyepesi. Nimeandika.

Linalonihusu zaidi ni namna mtakavyopanga vitu. Utawasikia watu wakisema beba wewe chaja, mimi nibebe dawa, tupunguze uzito. Msifanye hivyo. Mkigawana hivyo mmeshajifunga pingu, hamwezi kutengana hata nusu siku bila mmoja kukosa kitu. Kila mtu awe na chaja yake, dawa zake, kufuli lake, kadi yake ya benki na nyingine ya akiba iliyofichwa mbali na ya kwanza.

Mkilala hosteli, laleni mara moja moja kwenye yale mabweni ya watu wengi, hata kama fedha ya chumba ipo. Hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana ilifunguliwa mwaka 1912 ndani ya ngome ya Altena, Ujerumani, na mwalimu aitwaye Richard Schirrmann aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi matembezi marefu na kuhangaika kupata pa kuwalaza. Alitaka malazi ya bei nafuu tu. Ila kwa mlio wawili kuna faida nyingine: bwenini utapata watu wengine wa kuzungumza nao, na mwenzako atapumzika na sauti yako. Wengi wanaodhani wamechokana wamechoka tu kusikia sauti moja. Beba vizibo vya masikio.

Na siku ya kutengana ikifika? Amueni asubuhi, si usiku. Semeni mnakutana wapi na saa ngapi, mahali penye jina linaloeleweka hata simu zikizima, na wa kwanza kufika asubiri. Inaweza kuwa mchana mmoja yeye akienda makumbusho nawe ufukweni. Inaweza kuwa siku tatu, miji miwili tofauti. Ikibidi iwe safari yote iliyobaki, basi lipeni kwanza madeni yenu. Lakini akiwa mgonjwa, au ameibiwa, au amelewa, au hana fedha ya kufikia mahali salama, hapo humwachi, hata kama umemchoka kiasi gani. Mfikishe kwanza, ndipo uchoke.

Nitumie picha ya pasipoti yako, namba ya bima, na namba ya simu ya wazazi wa mwenzako. Nataka nizungumze nao kabla hamjaondoka, wasije wakashtuka siku wakisikia mtoto wao yuko mji mmoja na wewe mwingine. Ratiba usinisumbue nayo, najua mtaibadilisha mara tu mkifika. Nitumie tu jina la mji unaolala kila unapohama, hata ikiwa saa nane usiku.

Baba yako