Maswali yenu kuhusu mbwigu

Nimekuta panzi na mjusi wamechomekwa kwenye miiba ya mgunga nyuma ya nyumba. Je, ni uchawi? (Msomaji, Voi)

Swali hili huja kila kiangazi, na jibu halibadiliki: ni ndege aitwaye mbwigu. Mdomo wake umepinda kama ndoana, lakini yeye ni wa jamii ya ndege waimbaji, na miguu yake haina nguvu za kumshikilia mnyama kama miguu ya kipanga. Kwa hiyo humtundika mwibani, au kwenye seng'enge, kisha humnyofoa kipande kipande. Kinachobaki ni akiba. Ukisogea utaona mwiba umepenya mwilini na nzi wameshatua. Mbwigu mmoja wa Marekani hutundika panzi wenye sumu, akasubiri siku moja au mbili hadi sumu ipungue, ndipo ale. Tafadhali usiukate mgunga huo.

Nitamtofautishaje mbwigu wa Taita na yule wa mkia mrefu? Nimetuma picha.

Picha ina ukungu, na hukusema umeipiga wapi. Andikeni mahali, jamani! Wa Taita ana mgongo wa kijivu, mkia wa wastani, na hukaa peke yake au wawili. Wa mkia mrefu ana mgongo mweusi zaidi, na hukusanyika vichakani wakichezesha mikia na kupiga kelele kwa pamoja. Majike wa aina zote mbili wana rangi ya hudhurungi ubavuni, basi msiniletee tena habari za "ndege mpya".

Anakula vifaranga wangu?

Chakula chake kikubwa ni wadudu. Washuku mwewe na kicheche, na ujenge banda.

Zamani walikuwa wengi shambani kwetu. Wamekwenda wapi?

Mnanyunyizia nini? Dawa inayoua kila panzi humnyima mlo, na panzi anayepepesuka kwa sumu ndiye anayekamatwa kwanza. Mbwigu mgongo-mwekundu, yule mgeni anayepita Tsavo mwezi wa Novemba, aliacha kuzaliana kwa kawaida nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, vichaka na wadudu wakubwa walipopungua. Nanyi mnafyeka vichaka vya mipakani hadi mzizi, kisha mnaniuliza! Acheni miiba michache mpakani, na msipige dawa kabla hamjamwona mdudu anayewaharibia.

Naweza kumfuga?

Hapana. Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Na manati ya mtoto wako, mnyang'anye leo.