Kaka zangu wamekataa mama aambiwe ana saratani

"Shangazi, mama ana saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Daktari alituita watoto pembeni akatuambia. Kaka zangu wakakata shauri asijue; ameambiwa ni vidonda vya tumbo. Wanasema akijua atakata tamaa afe upesi. Jana kaniuliza mbona tunanong'ona. Nifanyeje? – Kitindamimba"

Kitindamimba, poleni sana nyumba nzima.

Kaka zako usiwaone wabaya. Hata madaktari walikuwa hivyo: mwaka 1961, katika hospitali moja ya Chicago, karibu 9 kati ya 10 walisema hawapendi kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Uchunguzi kama huo ulipochapishwa mwaka 1979, karibu wote walisema humwambia.

Ila mmeruka hatua moja: hakuna aliyemuuliza mama anataka kujua kiasi gani. Wapo wasiotaka kusikia, na ni haki yao. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani linamruhusu mgonjwa kuomba asiambiwe, na kumchagua atakayeambiwa kwa niaba yake. Lakini aombe mwenyewe. Wanawe hawawezi kumwombea.

Kwa hiyo mjibu leo: "Kweli mama, tunazungumza habari za ugonjwa wako. Ungependa daktari akueleze?" Kisha nyamaza umsikilize.

Uongo wa vidonda hautafika mbali hata hivyo. Ugonjwa huu mara nyingi hugeuza macho manjano, mkojo ukawa mweusi na ngozi ikawasha, na hayo atayaona kwenye kioo. Akipangiwa tibakemikali atawekwa kati ya wagonjwa wa saratani, na fomu ya ridhaa itahitaji saini yake. Akilijua neno hilo kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, naye ataanza kuwaficha: maumivu, hofu, kila kitu. Hapo dawa za maumivu zitatolewa kwa kubahatisha.

Kwa kaka zako, mabishano hayasaidii. Waulize wanaogopa nini hasa. Mara nyingi wanachoogopa ni mama kuambiwa kwa ukavu, korido ikipita watu, kwamba "hakuna la kufanya". Waahidi kwamba hilo halitatokea, nao wakubali jambo moja: mama akiuliza waziwazi, hadanganywi.

Daktari naye amuulize mama mwenyewe: "Majibu yako yapo. Wengine hupenda kuelezwa yote, wengine husema ongea na wanangu. Wewe ungependaje?" Akimtaja kaka mkubwa, iandikwe kwenye faili, na aulizwe tena baada ya wiki chache, maana msimamo hubadilika ugonjwa ukiendelea.

Akitaka kujua, tafuteni chumba chenye mlango, simu zizimwe, daktari aketi. Aanze kwa kumuuliza mama yeye anauelewaje ugonjwa wake. Huenda anajua zaidi ya mnavyodhani. Halafu kidokezo, "majibu si mazuri kama tulivyotarajia", ndipo saratani itajwe kwa jina lake. Wakisema "uvimbe" tu, atadhani upasuaji utaumaliza. Sentensi mbili tatu zinatosha, kisha kimya, hata dakika nzima. Wengi hawasikii kitu baada ya neno lile, hivyo ratiba ya matibabu ingoje siku nyingine. Muda uliobaki usitajwe mpaka auulize, na ukitajwa uwe makadirio, "miezi" au "wiki", kamwe si tarehe. Kama yeye na daktari hawaelewani lugha, usitafsiri wewe. Ulimi wako utaliruka neno lile lile.

Asitoke chumbani bila kujua atakachofanyiwa: dawa za maumivu, ikiwemo mofini ikihitajika, mrija wa kuzibua njia ya nyongo ikiwa imeziba, na wahudumu wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, watakaomfuatilia. Na kabla ndugu hawajaanza kupigiana simu, mwulizeni nani mwingine aambiwe, na nani asiambiwe kwanza.