Chakula hakitenganishwi na nishati

Umeuliza jamii yenye fedha kidogo ianze na lipi kati ya chakula, makazi na nishati. Kwa maoni yangu mahitaji haya hayafai kupangwa kwenye foleni, kwa sababu nafaka iliyojaa ghalani hailiki mpaka upatikane moto wa kuipikia, na moto huo ukiwashwa katika nyumba isiyopitisha hewa ya kutosha, moshi wake huharibu mapafu ya wale wale tunaotaka kuwalisha, hasa akina mama na watoto wadogo. Takriban watu bilioni 2 duniani bado hupikia kuni, mkaa, samadi au mafuta ya taa, jambo linalonihuzunisha sana.

Kwa hiyo ningeanzia jikoni, ambako mahitaji yote matatu hukutana: jiko linalobana moto ili kuni chache zitoshe, bomba la kutolea moshi nje, na mazoea ya kuloweka vyakula vya jamii ya kunde usiku kucha ili viive upesi. Hifadhi nayo isisahaulike, kwa kuwa nafaka iliyokauka vizuri ikifungwa katika chombo kisichopitisha hewa, wadudu hukosa oksijeni na kufa bila dawa yoyote.